Mfuko wa Wakfu wa Masomo: Maswali Tunayoulizwa Kila Mwaka

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, simu ya kamati ya masomo ya klabu yetu ya huduma hailali. Wanapiga wahitimu wenyewe, mama zao, wajomba, walimu wakuu, hata majirani walioona tangazo letu kwenye ubao wa ofisi ya kata. Maswali yao tumeyakusanya hapa kama yanavyoulizwa. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, tumekuelekeza kwa namba.

## Mfuko wenyewe

1. Mfuko huu ni nini, na una tofauti gani na mchango wa kawaida?

Mchango unakusanywa, unatumika, unakwisha. Mwaka unaofuata mnaanza tena kupitisha bahasha. Huu wetu ni mfuko wa kudumu: fedha zilizotolewa na wachangiaji ni mtaji, mtaji umewekezwa, na kinachosomesha wanafunzi ni mapato yake tu. Mtaji hauguswi.

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili, kwa sababu jina lake wanalo tangu zamani: wakfu. Mtu anaiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti, au shamba la minazi kwa ajili ya madrasa. Nyumba haiuzwi, minazi haikatwi. Kodi ya nyumba na bei ya nazi ndizo zinazonunua mikeka na mafuta ya taa, mwaka baada ya mwaka, na aliyeweka wakfu keshazikwa zamani. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Sisi mahali pa minazi tumeweka fedha.

2. Hiyo klabu ni ya nani? Ni chama cha siasa au cha dini?

Si cha siasa wala cha dini. Klabu ya huduma ni watu wa mji mmoja, wa kazi mbalimbali, wanaokutana kila wiki na kufanya kazi ya kujitolea. Kwetu kuna daktari, fundi umeme, walimu wastaafu, wakili, mama mwenye duka la dawa. Klabu za aina hii zilianzia Chicago, Marekani: Rotary tarehe 23 Februari 1905, Lions mwaka 1917.

Wazo la mfuko wa kudumu nalo lina historia ambayo tunapenda kuwasimulia wanachama wapya. Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, alipendekeza klabu zianzishe mfuko wa akiba usiokwisha. Mchango wa kwanza, uliotoka klabu ya Kansas City mwaka 1918, ulikuwa dola 26 na senti 50. Januari 1947 alifariki Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, michango ikamiminika kwa heshima yake, na mwaka huohuo wakachaguliwa wanafunzi 18 wa kwanza kupata ufadhili. Kati ya dola 26.50 na wanafunzi wale 18 ilipita miaka takriban thelathini. Mwanachama akituuliza kwa nini mfuko wetu bado ni mdogo, tunamsimulia habari hiyo.

3. Kwa nini msitoe fedha zote mkasomesha vijana wengi kwa mara moja?

Swali hili tunaulizwa na waombaji na wanachama pia, na wanaouliza wana uchungu wa kweli, kwa hiyo tujibu kwa hesabu. Chukua mfano wa mfuko wenye mtaji wa shilingi milioni 100, na kila mwanafunzi anahitaji laki nane kwa mwaka.

Ukizitoa zote, unapata nafasi 125 za mwaka mmoja. Lakini shahada nyingi ni miaka mitatu. Ukitaka kila uliyemwanzishia amalize, unaweza kuchukua wanafunzi 41. Wakimaliza, mfuko umekufa.

Sasa uwekeze. Tuseme mtaji unaleta asilimia 12 kwa mwaka, yaani milioni 12. Milioni 4 unazirudisha kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule, maana milioni 100 za leo hazitanunua kitu kilekile miaka ishirini ijayo. Zinabaki milioni 8, sawa na wanafunzi kumi kwa wakati mmoja. Kila mmoja akisoma miaka mitatu, katika miaka thelathini utakuwa umesomesha vijana 100, na mtaji bado upo, tena umekua.

Hesabu hiyo ina upande mchungu na hatutauficha. Mfuko wenye nafasi kumi hauchukui wapya kumi kila mwaka. Waliopo wanaendelea mwaka wa pili na wa tatu, kwa hiyo nafasi mpya ni tatu, mwaka mzuri nne. Ndiyo maana waombaji wengi wanaostahili kabisa wanakosa. Tazama swali la 18.

4. Fedha zimewekwa wapi?

Sehemu kubwa iko kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu (yaani tunaikopesha Serikali kwa riba), zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania. Hatifungani inalipa riba mara mbili kwa mwaka kwa kiwango kinachojulikana tangu siku ya kununua, na hilo linatufaa sana: tunajua Januari ni kiasi gani kitaingia kabla ya Oktoba. Kiasi kidogo kiko kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kwa sababu kule unaweza kutoa fedha ndani ya siku chache likitokea la dharura.

Hatukopeshi wanachama. Hatununui viwanja. Wala hatuweki kwenye biashara ya mtu yeyote, hata akiwa mwanzilishi wa klabu.

5. Mimi ni Mwislamu. Je, nikipokea fedha hizi sitakuwa nimekula riba?

Tunashukuru wanaouliza waziwazi, maana wapo walioacha kuomba kimyakimya kwa sababu hii. Mfuko una fungu la pili, dogo, lililowekwa katika benki inayofuata misingi ya Kiislamu. Benki za namna hiyo zipo nchini. Amana Bank, kwa mfano, ilifungua milango mwaka 2011. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kuomba ulipiwe kutoka fungu hilo. Kukitia alama hakukupunguzii wala kukuongezea nafasi, na wanaofanya uchaguzi hawakioni. Anakiona mweka hazina peke yake baada ya majina kupitishwa.

Kuhusu hukumu ya dini, muulize shehe wako. Sisi si watu wa kutoa fatwa.

6. Viongozi wa klabu hubadilika kila mwaka. Nani anahakikisha fedha hazipotei?

Ni kweli, rais wa klabu hukabidhi kiti kila Julai mosi. Kwa sababu hiyohiyo mtaji haukai mikononi mwa uongozi wa klabu. Unashikwa na wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na mdhamini hukaa miaka mingi. Kamati ya masomo inachagua wanafunzi lakini haina saini benki. Mweka hazina analipa lakini hachagui. Mkaguzi wa hesabu anatoka nje ya klabu, na taarifa yake inasomwa mbele ya wanachama wote. Mchangiaji yeyote akitaka nakala anapewa.

## Nani anaweza kuomba

7. Sifa za mwombaji ni zipi?

Uwe mkazi wa mkoa wetu au umemaliza shule ndani ya mkoa. Uwe umepata nafasi ya masomo inayotambuliwa: kidato cha tano, chuo cha ufundi, cheti, stashahada au shahada ya kwanza. Na familia yako iwe haina uwezo wa kulipia pengo lililobaki. Umri hatuangalii. Tumewahi kumlipia mama wa watoto watatu aliyerudi kusomea uuguzi.

8. Siku hizi kuna elimu bila ada. Mwanafunzi wa sekondari mnamsaidia nini tena?

Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hilo limewaokoa wengi na tunalisema kwa furaha.

Lakini shika fomu ya kujiunga na kidato cha tano ya shule ya bweni uisome pamoja na mzazi. Godoro. Shuka mbili za rangi waliyotaja. Tranka na kufuli. Ndoo, jembe au fyekeo, fagio la chelewa. Sare za darasani, za michezo, viatu vyeusi vya ngozi. Sahani, kijiko, chandarua. Kama amepangiwa Iringa au Kagera, weka nauli ya siku mbili na sweta ambalo mtoto wa pwani hajawahi kuwa nalo. Tumekaa na baba mmoja, mvuvi, akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, mstari mmoja kwa kila kitu. Alipofika kwenye godoro akaacha kuandika. Binti yake alikuwa na daraja la kwanza.

Hilo ndilo tunalolipia sekondari: vifaa vya kuripotia na nauli. Tunanunua pamoja na mzazi, hatutoi fedha mkononi.

9. Nimepata mkopo wa Bodi ya Mikopo. Bado naweza kuomba?

Ndiyo, na wengi wa wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wana mkopo wa HESLB. Bodi imefanya kazi tangu 2005 na hakuna mfuko wa klabu unaoweza kuchukua nafasi yake. Tunakutaka uombe mkopo kwanza. Usipoomba bila sababu, ombi lako kwetu linarudi nyuma.

Sisi tunaziba mapengo mawili. La kwanza ni la kiasi. Mkopo hutolewa kwa kupima uwezo wa familia, na unaweza kupata fedha za kujikimu lakini ada ikabaki sehemu. Ada ya shahada nyingi katika vyuo vya umma ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, kwa hiyo hata robo iliyobaki ni mlima kwa familia ya mkulima.

La pili ni la muda, na hili tulijifunza vibaya. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukilipa mwezi Novemba, karatasi zote zikishakamilika. Mwanafunzi mmoja akatueleza, bila kulalamika, jinsi alivyoishi wiki zile tano: bumu (fedha za kujikimu za mkopo) halijaingia, chumba hana, amebebwa na rafiki kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na mchana anakunywa uji wa mia tano. Hakuweza kusajiliwa kwa sababu hakuwa na bima ya afya ya wanafunzi, shilingi 50,400, wala ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), 20,000. Kilichomzuia ni 70,400, na sisi tulikuwa na laki nane zake benki. Tangu mwaka ule tunalipa kabla chuo hakijafunguliwa. Fedha ndogo inayofika wiki ya kwanza inafanya kazi kuliko kubwa inayofika mwezi wa pili.

10. Nataka kwenda VETA kusomea ufundi. Au mnapenda wa chuo kikuu tu?

Omba. Angalau nafasi moja kila mwaka ni ya ufundi, na kwa miaka kadhaa imekosa waombaji wa kutosha. Kwa fundi tunaongeza sanduku la vifaa vya kazi siku ya kuhitimu, kwa sababu cheti cha useremala bila randa na msumeno kinakaa kabatini.

11. Lazima niwe na daraja la kwanza?

Hapana. Tunataka ufaulu uliokupa nafasi ya masomo, basi. Mwenye daraja la kwanza katika sayansi ana milango mingine pia, kama Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, na tunamshauri aigonge kwanza. Kijana aliyepata daraja la pili huku akiuza maji stendi kila jioni anatuvutia kuliko alama peke yake.

12. Mimi ni bibi yake. Wazazi wake hawapo na cheti cha kuzaliwa hatuna. Nifanyeje?

Bibi, usikate tamaa kwa ajili ya karatasi. Njoo na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayosema unaishi na mtoto huyu na tangu lini. Kama kuna cheti cha kifo cha mzazi, lete. Kama hakuna, barua ya msikiti au kanisa inatosha kwetu. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, lete kitambulisho chake, kinatupunguzia maswali mengi. Cheti cha kuzaliwa tutakusaidia kukifuatilia RITA, maana mtoto atakihitaji popote aendapo.

13. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuomba?

Wanaweza. Kila mmoja anapimwa kivyake.

14. Na mtoto wa mwanachama wa klabu?

Hapana. Wala mpwa, mjukuu, au anayelelewa nyumbani kwa mwanachama. Mwombaji mwingine akifahamiana na mjumbe wa kamati, mjumbe huyo anatoka nje ombi linapojadiliwa na kutoka kwake kunaandikwa kwenye kumbukumbu.

## Kuomba

15. Naanza lini, na nalipa kiasi gani?

Fomu zinatoka Julai, zinarudishwa katikati ya Agosti, ziara za nyumbani ni Septemba, majina yanabandikwa kabla ya mwisho wa Septemba. Wa kidato cha tano wana dirisha fupi la mapema kwa sababu wao wanaripoti Julai.

Fomu ni bure. Hakuna ada ya kuifungua, kuijaza wala kuipeleka mbele. Kila mwaka kuna mzazi anayetumiwa ujumbe wa WhatsApp wenye nembo yetu ukimtaka atume elfu ishirini ili “faili lisogezwe”. Huo ni wizi. Usitume, hifadhi ujumbe na namba, toa taarifa polisi, kisha utuambie. Ombi lako halitaathirika hata kama tayari ulishatuma.

16. Barua ya maombi niandike nini? Mwalimu wangu amenipa mfano wa mwaka jana.

Mfano uuache. Tunasoma barua nyingi zinazoanza “Husika na kichwa cha habari hapo juu” na kumalizika na ndoto ya kusaidia taifa, na tukifika ya kumi hatuwezi kumtofautisha Asha na Yohana. Mwalimu alikusudia mema, ila mfano wake umekuficha.

Tuandikie nyumbani kwenu wanakula kutokana na nini, na ni nani anayeleta. Barua moja ilisema hivi kwa ufupi: mama anapika vitumbua, siku nzuri anauza elfu kumi na mbili, unga, sukari na mafuta vinachukua saba, kuni moja, kinachobaki ndicho chakula cha watu sita. Halafu mwandishi akaeleza kwamba yeye huamka saa kumi kuwasha moto na husomea palepale jikoni kwa mwanga wa moto huohuo. Ukurasa mmoja na robo, makosa mawili ya tahajia. Hakuna mjumbe aliyehitaji kuuliza swali la pili.

Eleza pia umepata wapi fedha kidogo na unakosa kiasi gani. “Mjomba ametoa laki mbili, nakosa laki nne na nusu” ni sentensi nzuri sana. Inaonyesha familia imeshajitahidi, na inatuambia cha kufanya. Kiswahili kinatosha, barua ya Kiingereza haina alama za ziada.

17. Ni kweli mnakuja nyumbani? Tunaona haya, nyumba yetu si nzuri.

Tunakuja, wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke. Tunapiga simu siku moja kabla. Hatuji kukagua bati wala sakafu. Tunakuja kuzungumza na anayekulea, kwa sababu mara nyingi mzazi anajua mambo ambayo mtoto hakuyaandika: deni la kikoba, ugonjwa wa mdogo wake, shamba lililouzwa. Tafadhali msinunue soda kwa ajili yetu. Maji ya mtungini yanatutosha.

18. Sikuchaguliwa. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Hesabu ya swali la 3 ndiyo iliyokukatalia. Kila aliyefika hatua ya ziara anapigiwa simu na mjumbe, hatumwachi agundue kwa kutoliona jina lake ubaoni, na akiuliza sababu anaelezwa. Unaweza kuomba tena mwaka unaofuata ukiwa tayari chuoni. Wapo waliopata mara ya pili.

## Ukishapata

19. Fedha mnampa nani?

Ada inalipwa moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo aliyopewa mwanafunzi, kwa hiyo tutumie namba hiyo mapema na uangalie tarehe yake ya kuisha. Fedha za kujikimu zinaingia kwenye akaunti yenye jina la mwanafunzi mwenyewe. Hatulipi kwenye akaunti ya kaka, mchumba wala mwalimu.

20. Nitadaiwa baadaye?

Hapana. Mkopo wa HESLB utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako ukishaajiriwa; huu wetu ni ufadhili, haurudishwi na hakuna mkataba wa kukufunga. Waliohitimu wakichangia mfuko tunafurahi mno, lakini hatumfuatilii mtu. Kijana anayeanza maisha ana wadogo zake wa kusomesha.

21. Nimepata sapu. Mtanifutia?

Sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, si kosa la jinai. Tuambie mapema, kabla hujaanza kukwepa simu zetu. Mwaka wako unaendelea kulipiwa ukiwa na sapu, na ukibeba somo kwenda mwaka unaofuata tunaendelea pia. Tunachotaka ni mazungumzo na mlezi wako wa klabu (kila mnufaika anapewa mmoja) kuhusu kilichotokea. Mara nyingi sababu tunaikuta nje ya darasa: alikuwa anafanya kazi ya ulinzi usiku ili atume fedha nyumbani, au kompyuta ya kuazima ilirudishwa kwa mwenyewe kabla ya mtihani.

Ukidisko (ukiondolewa chuoni kwa kufeli), ufadhili wa kozi ile unasimama. Hapo tena usipotee. Wawili wameanza upya kwenye stashahada na tukawalipia, baada ya kuomba kama wengine.

Kinachofuta ufadhili moja kwa moja ni kughushi: matokeo ya kubadilishwa, barua ya mtendaji ambayo mtendaji hajawahi kuiandika.

22. Nimepata ujauzito. Nafasi yangu imekwisha?

Haijaisha. Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shule Novemba 2021, na sisi tunakutunzia nafasi hadi miaka miwili. Wazungumzie wajumbe wetu wanawake. Habari haitoki kwao bila ruhusa yako. Ukirudi, bajeti yako inaweza kupangwa upya ili kuingiza gharama ya anayemlea mtoto ukiwa darasani.

23. Naumwa na chuo kimeniruhusu kuahirisha mwaka.

Tuma barua ya chuo. Nafasi inakungoja kama ilivyoelezwa katika swali la 22.

24. Baada ya kuchaguliwa na ninyi, mkopo wangu umeongezwa. Nikae kimya?

Tuambie. Tutahesabu upya pengo na kulipia lililobaki, hata kama ni dogo. Kilichookolewa kinampa mwingine nafasi katikati ya mwaka, na mara mbili imetokea hivyo: mwanafunzi amepiga simu Desemba, Januari mwingine akaitwa kutoka orodha ya akiba. Anayenyamaza tukagundua wenyewe hupoteza ufadhili wa mwaka unaofuata.

25. Lazima nipigwe picha nikipokea hundi?

Hapana, na zile hundi kubwa za karatasi tumeziacha. Umaskini wa familia yako si pambo la ukurasa wetu. Picha au jina lako vinatumika kwa idhini yako ya maandishi tu, au ya mzazi kama hujafikisha miaka 18, na unaweza kuiondoa wakati wowote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka hivyo, na hata isingetaka, tungefanya hivyo.

## Wachangiaji

26. Naweza kuanza na kiasi gani?

Chochote. Mama mmoja wa sokoni huleta elfu tano kila mwisho wa mwezi na anapewa stakabadhi sawa na kampuni. Mweka hazina anakusanya michango midogo hadi ifike shilingi milioni moja, ambayo ndiyo inayoweza kununua hatifungani, kisha inaingia kwenye mtaji.

27. Nataka kuweka fungu kwa jina la marehemu baba yangu.

Inawezekana, na ni njia nzuri ya kumkumbuka mzazi. Tunaandika hati fupi: jina, kiasi, na fani ukitaka, mfano ualimu au uuguzi. Tunakuomba usiifunge fani mno. Fungu la “mwanafunzi wa kike wa uhandisi wa madini kutoka kata fulani” linaweza kukaa miaka bila mwombaji. Andika unachopendelea, kisha uwaruhusu wadhamini watumie fungu kwa fani iliyo karibu anapokosekana.

28. Mimi ndiye ninayetoa. Naweza kuchagua mwanafunzi wa kumsomesha?

Huwezi, na tumewahi kurudisha mchango mkubwa kwa sababu hii. Kama kuna kijana unayemtaka, mlipie ada wewe mwenyewe moja kwa moja. Hilo ni jema na halihitaji mfuko. Ukiweka kwenye wakfu, umewapa vijana usiowajua, pamoja na ambao hawajazaliwa.

29. Mwaka mapato yakiwa madogo, waliopo masomoni watakatiwa?

Hapana. Waliopo wanalipwa kwanza. Tunayo akiba ya gharama za mwaka mmoja, na ikibidi mwaka huo hatuchukui mwanafunzi mpya. Uamuzi wa namna hiyo tumewahi kuufanya. Ulikuwa mgumu kuutangaza, na waombaji walikuwa wameshajaza fomu.

30. Na klabu yenyewe ikivunjika?

Mtaji si mali ya klabu, kwa hiyo wanachama hawawezi kugawana (tazama swali la 6). Hati ya wadhamini inaagiza waliopo masomoni walipiwe hadi wamalize, kisha mtaji ukabidhiwe taasisi nyingine iliyosajiliwa inayosomesha vijana wa mkoa huu, kwa sharti lilelile la kutokula mtaji. Ukitaka kuisoma hati yenyewe, njoo siku yoyote ya mkutano. Nakala iko kwa katibu.